Sukari Ndani ya Kombe

Kila mkija hapa Usagara kunijulia hali, wajukuu zangu mnaosomea uuguzi, swali lenu ni moja: Bibi Agnesi, katika kazi yako yote uliogopa nini? Naona macho yenu yanavyong'aa. Mnataka niseme damu. Mnataka niseme maiti, au mwendawazimu aliyeingia wodini na panga. Wapi! Damu niliizoea mwezi wa kwanza, na maiti hamgombezi mtu. Mimi niliogopa sukari. Haya, chekeni mmalize, halafu mnisikilize.

Sisemi sukari ya chai. Nasema ile iliyomo damuni, glukosi, ambayo ninyi mmeikariri kwa ajili ya mtihani na mkishatoka mlangoni mnaisahau. Mimi nilifundishwa na Mzee Hatibu, dresa, yaani mganga msaidizi na mfunga vidonda, wa wodi ya wanaume, mtu mfupi, mkali, sauti yake kama mtu anayekuna nazi. Nilikuwa msichana mbichi kutoka Bonde, nimevaa viatu vyeupe vilivyonibana, najua kusoma na kuomba Mungu, basi. Akafungua kopo, akanimwagia unga mweupe kiganjani.

"Onja, binti."

Nikaonja. Utamu wake haufikii wa sukari ya dukani, na ulimi unahisi ubaridi unapoyeyuka.

"Ule muhogo, ule wali, ule ndizi, tumbo litahangaika navyo mpaka viwe hivi," akasema. "Huu umeshamaliza safari. Ukifika tumboni hauna la kungoja, unaingia damuni. Na huo ubongo wako unaojivunia ndio chakula chake. Ukiukosa, unazimika, hata uwe na cheti gani."

Ndiyo maana tuliutumia kwa mengi. Mtu aliyedhoofishwa na homa, hataki kula, tulimkorogea bilauri. Mtoto aliyeharisha mpaka macho yameingia ndani alitundikiwa chupa ya maji yenye glukosi. Chupa zenyewe zilikuwa za kioo, na mipira yake tukiichemsha na kuitumia tena, msinikunjie nyuso, ndivyo ilivyokuwa. Na chupa zile zilitutia tabuni, maana miaka hiyo ya hamsini watu wa pwani waliamini kwa dhati kwamba wapo mumiani, watu wanaokamata wenzao na kuwanyonya damu. Akaletwa mkata mkonge mmoja, amekauka kwa kuhara, hajitambui. Tukamtundikia. Alipofumbua macho akaona mpira umetoka mkononi mwake unakwenda juu kwenye chupa. Mama yangu! Alipiga ukelele, akang'oa kila kitu, akaruka dirisha na shuka kiunoni. Sisi tunamkimbiza, yeye anakimbia kuliko sisi. Mzee Hatibu alisimama dirishani akasema, "Mwacheni. Asubuhi alikuwa hawezi kuketi. Dawa imeingia."

Tulicheka siku ile. Lakini hapo hapo kwenye sukari ndipo palipokuwa na hofu yangu, na ilianzia kwa mwanamke mmoja wa makamo aliyeletwa wodi ya wanawake akiwa na kisukari ambacho hakuna aliyekijua. Ngozi kavu, ulimi mkavu, anavuta pumzi ndefu nzito, na pumzi hiyo inanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Mzee Hatibu akaitwa. Akachukua mkojo wake, akatia matone machache kwenye dawa yetu ya rangi ya buluu, akachemsha kichupa juu ya moto wa spiriti. Ninyi mna kimashine cha kutoboa kidole, kinawaandikia namba. Sisi tulitazama rangi. Ikibaki buluu, mkojo hauna sukari. Ikienda kijani, imo kidogo. Ikifika njano, tunaanza kunong'ona. Mkojo wa mama yule uligeuka mwekundu wa matofali kabla sijapepesa macho.

"Huyu ana sukari tele, na bado anakufa njaa," akaniambia. "Imejaa damuni, haina wa kuifungulia iingie mwilini. Wa kufungua ni insulini, naye hana."

Daktari alimchoma. Alikuwa amechelewa kuletwa, akafa. Nilimfunga kidevu mwenyewe.

Siku ile Mzee Hatibu akanisimamisha koridoni akanipa fundisho ambalo mpaka leo nikiamshwa usingizini ninaweza kulisema. Mgonjwa wa kisukari akianguka, mguse kwanza. Ukimkuta amekauka, sukari imemzidi, anataka insulini na maji. Ukimkuta amelowa jasho, anatetemeka, anasema ovyo, sukari imemwishia, mpe glukosi, na usiende kumtafuta mtu wa kukuruhusu. Huyu wa pili hana saa nyingi. Na kama hajitambui vizuri usimmiminie kinywani kama unajaza mtungi, atapaliwa. Mlaze ubavu, mpake ndani ya shavu, kidogo kidogo, ungoje ameze. Nikanunua kopo langu mwenyewe nikaliweka sandukuni. Nilikuwa naogopa, wala sioni haya kusema.

Basi. Wakati huo nilipanga chumba Ngamiani, kwenye nyumba ya Bibi Mwanahawa. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, tulikaa vizuri tu. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akaniita mwanangu, na nikichelewa kurudi alinigombeza kama wa tumboni. Alikuwa anamlea mjukuu wake, Zaituni, msichana aliyekwisha kuvunja ungo, mwembamba, mcheshi, ulimi wake ukikushika haukuachi. Mama yake alishafariki. Zaituni alikuwa na kisukari. Aliletwa hospitali mapema, akanusurika, na daktari akaniagiza nimchome insulini kila asubuhi kwa kuwa tunaishi nyumba moja. Kichupa chake nilikiweka ndani ya chungu kidogo chenye mchanga mbichi, karibu na mtungi wa maji, kisipate joto. Jokofu tungelitoa wapi?

Bibi Mwanahawa hakuipenda ile sindano. Aliniuliza dawa hiyo imetokana na nini, na aliposikia ni ya mnyama akaniangalia kwa jicho kali. Nikaenda kwa daktari kuuliza. Akaniambia hiyo ni ya ng'ombe, si ya nguruwe. Bibi akakubali, shingo upande. Ila akaniapisha jambo moja: hakuna mtu wa nje atakayejua. Zaituni alikuwa ameposwa na kijana seremala wa Pangani, na Bibi alikuwa na hakika kwamba wakisikia binti anachomwa kila siku, posa itarudi. "Msichana akishaitwa mgonjwa, Nesi, kaitwa," alisema. "Hakuna atakayekuja tena mlangoni pangu."

Ramadhani ikaingia. Daktari alimkataza Zaituni kufunga, na Bibi mwenyewe alijua kuwa mgonjwa karuhusiwa. Lakini msichana mzima kula mchana, mwezi mzima, majirani wangemfikiriaje? Tukapata ujanja. Zaituni atakula chumbani kwangu. Mimi Mkristo, jiko langu likiwaka mchana hakuna wa kushangaa. Kila asubuhi, watu wakiwa bado wamelala baada ya daku, alikuja nikamchoma, akala mihogo na chai ya maziwa huku ananichekesha. Mchana alijipenyeza akala tena.

Tungefika Idi salama. Lakini akaja Bi Salama.

Bi Salama alikuwa mama wa yule kijana seremala. Alikuja kwa basi kutoka Pangani na kikapu cha samaki wakavu, akasema atakaa siku chache amwone mkwe wake. Mama mwenye mwili, mpole, macho yake hayapitwi na kitu. Tangu alipoingia akawa hamwachi Zaituni. Wanasuka ukili wa mkeka pamoja, wanakuna nazi pamoja, wanasali pamoja. Asubuhi yake Zaituni alikuja chumbani, nikamchoma upesi kwa sababu nilikuwa zamu. Nikamfunikia sahani yake ya mihogo.

"Kula sasa hivi," nikamwambia.

"Nakula, Dada Agnesi, nenda, utafukuzwa kazi."

Nikaenda.

Niliporudi ilikuwa alasiri. Ua mzima ulinukia tui na tambi, wanawake wanatayarisha futari. Nikafungua mlango wa chumba changu. Sahani ilikuwa palepale, imefunikwa. Nikainua kifuniko. Mihogo yote ilikuwemo, mizima, sisimizi wameifikia.

Jamani, wajukuu zangu! Nilijua kabla sijasikia chochote. Insulini ilikuwa imo ndani ya mwili wa yule mtoto tangu asubuhi, inafagia sukari, na hakuna kilichoingia. Ndipo nikasikia vigelegele vya ajabu kutoka uani, na si vigelegele, ni Zaituni alikuwa anacheka.

Nikavuta kopo langu sandukuni nikakimbia. Nikamkuta juu ya mkeka, kanga zimemganda mwilini kwa jasho, mikono inatetemeka, anamtukana Bi Salama matusi ambayo mtoto yule hakuwahi kuyatamka. Wanawake wamemzunguka. Mmoja amemshika miguu. Wote wanasema neno moja: pepo. Tena wanasema ni pepo wa baharini, maana kaja na mgeni wa Pangani. Mtu alikwishatumwa kumwita Maalim.

Nikapiga magoti nimguse. Bibi Mwanahawa akanishika kifundo cha mkono. Sikujua kama kikongwe yule ana nguvu vile.

"Hili si la hospitali, Nesi. Toka."

"Bibi, hakula! Mpe hii, sasa hivi."

Akainama mpaka mdomo ukagusa sikio langu. "Utaniumbua mbele ya mgeni? Nitampa sukari mchana wa Ramadhani, niseme nini? Atauliza. Nakuomba, mwanangu, ngoja magharibi. Muda si mrefu."

Muda si mrefu! Jua lilikuwa bado juu ya mnazi. Na Zaituni alikuwa ameacha kutukana. Kicheko kimekwisha, kope zimelegea, ananung'unika maneno yasiyo na kichwa. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikimlazimisha, wanawake wale wangenitoa kwa nguvu, wangesema Mkristo kamfuturisha binti wa watu, na akifa mikononi mwangu nani angeniamini? Nisipomlazimisha, anakufa hivi hivi, nyumba nzima imemzunguka na kila mtu anampenda.

Maalim akaingia. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani mtaa wa pili, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, watoto walikuwa wakimwogopa hata akitabasamu. Ameshika bakuli la kombe. Pengine ninyi hamjaliona kombe: aya huandikwa kwa zaafarani ndani ya sahani nyeupe, kisha hukoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa hunywa yale maji. Nikalitazama lile bakuli. Nikaruka nikamkuta mlangoni kabla hajafika kwenye mkeka, nikamzuia njia. Mimi, msichana, tena Mkristo.

"Shikamoo Maalim. Nisamehe. Huyu hana pepo."

"Ana nini?"

Nilikuwa nimeapa nisiseme. Nikasema. Nikamwambia kisukari, nikamwambia sindano, nikamwambia mihogo iliyobaki sahanini. Maneno yalikuwa yanagongana kinywani. "Leo kafunga bila mimi kujua, Maalim. Sukari imemwishia damuni. Niachie nitie hii kwenye kombe lako."

Akalitazama kopo. "Ni kitu gani?"

"Glukosi. Ni sukari, Maalim. Ni sukari tu."

"Akinywa, itamdhuru?"

"Asiponywa tutamzika."

Nilihesabu pumzi zake na nilitaka kupiga kelele. Kisha akasogea, mgongo wake ukawafunika wale wanawake wasituone, akanishushia bakuli.

"Mgonjwa hana saumu," akasema. "Tia."

Nikatia nusu kopo, nikakoroga kwa kidole, marashi yakanijaa puani. Tukaenda. Maalim akaketi kichwani pake akaanza kusoma. Mimi nikamgeuza Zaituni ubavu, nikasema namshika kichwa, hakuna aliyenizuia maana sasa ni kazi ya Maalim. Nikachovya kidole, nikampaka ndani ya shavu. Hakumeza. Nikapaka tena. Nikamkanda koo. Jasho lake lilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Nikasali kwa Kibondei, kimoyomoyo, Maalim anasoma Kiarabu kwa sauti, na nadhani Mungu alitusikia wote wawili maana hatimaye koo lilipanda likashuka. Kameza! Nikampa kijiko. Akameza. Kijiko kingine.

Kope zikatikisika. Mikono ikapunguza kutetemeka. Baadaye kidogo akafumbua macho, akanitazama, akaitazama kanga yake.

"Mbona nimelowa?" akauliza.

Wanawake walilipuka vigelegele, vya kweli safari hii. Bi Salama akalia. Bibi Mwanahawa akaangukia mkeka akiibusu miguu ya mjukuu wake. Mie nikakimbilia jiko langu. Nikarudi na uji nikahakikisha anaunywa, maana glukosi ile huinua mtu upesi na kumwacha upesi, lazima ifuatwe na chakula. Hilo mlishike. Usimpe mgonjwa utamu ukaondoka zako unajipongeza.

Mnadhani kisa kimeishia hapo. Mimi nami nilidhani hivyo.

Asubuhi yake nilipotaka kuchukua kichupa, chungu hakikuwepo. Bibi Mwanahawa alikuwa amekiweka mapajani, ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wangu.

"Sindano basi, mwanangu," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Kabla ya sindano mtoto huyu hakuwahi kupandwa na kitu. Pepo hapendi chuma, sindano ndiyo iliyomchokoza. Kombe limemtoa, sitamrudisha kwa mkono wangu."

Nikamwambia yote. Kwamba ndani ya kombe mlikuwa na glukosi. Akatikisa kichwa, akaniona namvunjia Maalim heshima. Nikamkimbilia Maalim. Akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, mimi nitasema nilichokiona nikiulizwa. Lakini siri ya maradhi ni ya mwenye maradhi. Siwezi kuingia nyumba ya watu nikaitangaza mbele ya mkwe." Nikarudi nimeishiwa. Nilikuwa naiona njia yote mbele yangu: kiu, mkojo usiokwisha, ngozi kukauka, ile pumzi ya tunda bovu. Siku chache tu. Nilikwishafunga kidevu kimoja, nikaona nitafunga na hiki, na hiki ninakijua kinavyocheka.

Nikamkuta Zaituni chumbani kwangu. Alikuwa ameketi kitandani, ameikumbatia sahani ya mihogo niliyompikia.

"Nilifunga kwa ajili yake, Dada Agnesi," akasema. "Kila nikitaka kuinuka, ananiambia kaa mwanangu, tuzungumze. Anapenda kuzungumza nami. Hakuna aliyewahi kuniita mwanangu hivyo tangu mama afe."

Akainuka na sahani yake. Nilidhani anaipeleka jikoni. Akatoka nayo uani, mchana kweupe, katikati ya Ramadhani, akaketi kwenye mkeka mbele ya Bi Salama na majirani wawili waliokuja kumpa pole. Akachukua kipande cha muhogo, akakitia kinywani, akatafuna.

Bibi Mwanahawa alijifunika uso kwa kanga.

"Zaituni," Bi Salama akasema taratibu, "mbona wala, mwanangu?"

"Naumwa, mama." Hakuacha kutafuna. "Nina kisukari. Kila siku nachomwa sindano. Nikichomwa nisile, yananipata ya jana. Nisipochomwa nakufa. Sikuwa na pepo. Nilikuonea haya wewe. Kama posa yenu mwairudisha, rudisheni, lakini mimi nataka kuishi."

Akanigeukia, akapandisha mkono wa gauni lake mpaka begani. "Njoo unichome, Dada Agnesi."

Nikaenda mbele ya Bibi, nikanyoosha mikono. Alikaa vile vile, kanga usoni. Kisha mikono yake ikakilegeza chungu. Nikachemsha bomba la sindano mbele ya macho yao wote, nikavuta dawa, nikamchoma. Bi Salama alitazama bila kupepesa. Alipoona nimechomoa, akainuka bila neno, akaingia chumba cha wageni. Tukasikia kikapu kinaburutwa. Bibi Mwanahawa akaanza kulia kwa kwikwi, na Zaituni akaendelea kula, machozi yanadondoka juu ya mihogo.

Bi Salama akatoka. Hakuwa amevaa buibui. Alikuwa ameshika chungwa, lililobaki kwenye vitu vyake vya safari. Akaja mpaka mbele yangu.

"Nesi mmoja aliyekuja kuwachoma watoto wa shule kule kwetu, alisema ninyi hujifunza kwanza kwa chungwa," akasema. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Basi nifundishe. Akishaolewa Pangani, hawezi kukufuata wewe huku kila asubuhi."

Nikampa bomba, nikamtilia maji. Akalishika kama mtu aliyeshika nge. Ncha ya sindano inakwaruza ganda la chungwa, haiingii.

"Naogopa, Nesi. Nisije nikamuua mtoto wa watu."

"Ogopa hivyo hivyo, mama," nikamwambia. "Mimi naogopa kila siku. Ila kabla hujamchoma, tazama kwanza kama chakula chake kipo, na baada ya kumchoma usiondoke. Kaa naye mpaka umwone anameza."